Mamba Hujifunza Njia ya Mchota Maji

Ifuatayo ni mada iliyosomwa mbele ya wakazi wa kata zilizo kandokando ya Mto Rufiji wakati wa kiangazi. Inachapishwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.



Katika vijiji vya bonde la Rufiji hapana mtoto anayehitaji kufundishwa kwamba mamba ni hatari. Hilo hulijua kabla hajajua kuhesabu. Kisichojulikana sana ni namna mnyama huyu anavyopumua, anavyoona, anavyozaa na, zaidi ya yote, anavyongoja. Msiba wa mamba husimuliwa kama ajali ya ghafla: mama aliinama kuchota maji, maji yakafumuka, mama hakuonekana tena. Kwa aliyeinama ni ghafla kweli. Kwa mamba si ghafla hata kidogo. Huenda siku hiyo ilikuwa ya nne au ya tano tangu aanze kupatazama mahali pale pale, saa ile ile, watu wale wale wakija na ndoo zao. Mada hii inazihusu zaidi siku hizo za kabla ya msiba, kwa kuwa ndizo siku ambazo mwanadamu bado ana nafasi ya kufanya jambo.

Mamba wa Rufiji ni yule ambaye wataalamu humwita mamba wa Mto Naili, ingawa makao yake si Naili peke yake. Huishi katika mito, maziwa na mabwawa ya sehemu kubwa ya Afrika iliyo kusini mwa Sahara. Dume mzima hufikia urefu wa mita 4 hadi 5, na wachache huzidi hapo. Jike huwa mdogo kuliko dume, kwa kawaida mita 3 hivi. Dume la mita 5 huweza kupita uzito wa kilo 500, yaani humzidi fahali wa kienyeji, na mwili wote huo huweza kulala katika maji yanayomfika mtu magotini bila kuonekana.

Siri ya kwanza ya kutoonekana huko imo kichwani. Macho, matundu ya pua na masikio ya mamba yamepangwa juu ya kichwa, karibu katika mstari mmoja. Akielea, hivyo tu ndivyo vinavyobaki juu ya maji, na kwa mtu aliye ukingoni huonekana kama vipande viwili vya gamba la mti. Akizama, matundu ya pua hujifunga, masikio hufunikwa na kikope chake, na jicho hupitiwa na utando mwembamba unaolilinda. Nyuma ya ulimi pana kizibo cha nyama kinachoziba koo. Ndiyo maana mamba huweza kufumbua kinywa chini ya maji na kukamata samaki au mguu wa mnyama bila maji kumwingia mapafuni. Binadamu akifanya hivyo atakufa maji; mamba hata hakohoi.

Siri ya pili imo katika ngozi. Anayewahi kuitazama ngozi ya mamba kwa karibu ataona kila gamba lina kidoadoa kidogo, mfano wa tundu la sindano. Vidoa hivyo ni viungo vya hisia. Kwa mamba wa Marekani wa jamii ya aligeta vipo kwenye taya tu. Kwa mamba wa Naili vimeenea mwilini kote. Kwa viungo hivi mamba huhisi wimbi dogo kabisa lililopita majini. Usiku wa giza, katika maji ya tope ambamo jicho haliwezi kitu, mamba hujua kwamba kuna kitu kimegusa maji na kwamba kimeyagusia upande gani. Mtu anayesukasuka ndoo ili kuondoa takataka za juu, mtoto anayepigapiga maji kwa viganja, mwanamke anayefua nguo kwa kuichovya na kuitoa, wote hao wanatoa habari zao kwa mnyama ambaye hawamwoni.

Siri ya tatu ni pumzi. Mamba akizama kwa kawaida hukaa dakika chache tu. Akiwa ametulia, bila kufukuzwa wala kukimbiza, huweza kupita nusu saa, na akiwa hatikisiki kabisa huweza kukaa zaidi ya hapo. Moyo wake unamsaidia. Nyoka, kenge na kobe wana mioyo yenye vyumba vitatu. Mamba ana vinne, kama binadamu, na juu ya hivyo ana njia ndogo yenye vali inayomwezesha kuipitisha sehemu ya damu pembeni ya mapafu pindi anapokuwa chini ya maji na mapafu hayana kazi ya kufanya. Maana yake kwa mchota maji ni hii: kusimama ukingoni kwa dakika tano, kutazama mto na kuona haumo kitu, si ushahidi wa lolote. Waliosema kimya kingi kina mshindo mkuu hawakuwa wakizungumza habari za mamba, lakini wangeweza kuwa wakizizungumza.

Siri ya nne haionekani kwa macho, nayo pengine ndiyo kubwa kuliko zote. Mamba hana moto wa ndani kama ng'ombe au binadamu. Joto la mwili wake hulipata kwa kuota jua na hulipunguza kwa kuingia majini au kulala kivulini akiwa ameachama. Kinywa kile kilichoachama ukingoni mchana, ambacho wengi hukidhani kuwa ni kitisho, mara nyingi ni njia ya kupoza kichwa. Kwa kuwa hachomi chakula ili kupata joto, mamba hahitaji kula mara kwa mara. Simba asiyepata nyama kwa wiki mbili yumo taabuni. Mamba mkubwa huweza kupitisha miezi bila mlo wa maana na akabaki na nguvu za kushambulia. Subira yake, basi, haitokani na ujanja peke yake. Mwili wake unaimudu. Anaweza kukosa leo, kesho na kesho kutwa bila hasara. Mchota maji hana nafasi ya kukosa hata mara moja.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mnyama anayeweza kungoja bila gharama hufaidika mno na kitu chochote kinachojirudia. Swala wanaokunywa maji mahali pamoja kila jioni humfundisha mamba mahali na saa. Ng'ombe wa wafugaji humfundisha. Na binadamu ndiye mwalimu mzuri kuliko wote, kwa sababu hana budi: njia ya kwenda mtoni ni moja, ukingo umeshakatwa ngazi pale, jiwe la kusimamia liko pale, na sufuria ya uji hutakiwa jikoni kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Wataalamu wa mamba wamekwisha kuona mara nyingi kwamba mnyama huyu hukumbuka, huzoea na hubadili mwenendo kufuatana na anachokiona. Huko India na Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, mamba na aligeta walionekana wakilala karibu na miti wanakozalia ndege weupe, huku wameweka vijiti juu ya pua zao katika msimu ambao ndege hao wanatafuta vijiti vya kujengea viota. Ndege akishuka kuchukua kijiti, hakurudi. Mnyama mwenye akili ya kutega kwa kijiti hashindwi kukariri saa ya ndoo.

Shambulio lenyewe hutokea ukingoni, katika mita chache za mwanzo. Mamba huja chini ya maji hadi karibu kabisa, hukunja mkia, kisha hujirusha nje kwa nguvu ya mkia huo. Huweza kutoa zaidi ya nusu ya mwili wake nje ya maji kwa mruko mmoja. Akikosa, kwa kawaida hurudi majini badala ya kukimbiza. Nchi kavu anaweza kwenda mbio, lakini kwa umbali mfupi tu, na mtu mzima mwenye afya humwacha. Kuna ushauri unaozagaa kwamba anayefukuzwa na mamba akimbie kwa kupinda huku na huku. Hauna msingi. Anayekimbia akimbie moja kwa moja, kuyapa maji mgongo.

Meno ya mamba hupita 60, na jino likitoka jingine huota mahali pake, tena na tena katika maisha yote. Hayakuumbwa kwa kutafuna bali kwa kushika. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida walichapisha vipimo vya nguvu ya kuuma ya jamii zote za mamba. Mamba wa maji chumvi, ndugu wa karibu wa huyu wa Rufiji, aliuma kwa nguvu iliyo sawa na kuegemewa na uzito wa zaidi ya kilo 1,600. Ajabu ni kwamba misuli ya kufumbua kinywa hicho ni dhaifu, kiasi cha kufungwa kwa kamba nyembamba kisifumbuke. Wenye kazi ya kukamata mamba huitegemea tofauti hiyo. Mwingine asijaribu. Kwa vile mamba hawezi kutafuna, akishakamata mnyama mkubwa humzamisha, kisha hujiviringisha mwili mzima ili kunyofoa vipande. Mara nyingine mamba wawili watatu hukusanyika kwenye mzoga mmoja, huyu akishika ili yule anyofoe.

Si kila mamba ni tishio kwa mtu. Mtoto wa mamba huzaliwa akiwa na urefu wa sentimita 30 hivi, na chakula chake ni wadudu, buibui na vyura wadogo. Mtaalamu Mwingereza Hugh Cott, aliyechunguza matumbo ya mamba wengi katika Uganda na nchi ambayo sasa ni Zambia na kuchapisha matokeo yake mwaka 1961, alionyesha jinsi chakula kinavyobadilika kadiri mwili unavyokua: wadudu kwanza, kisha samaki kwa miaka mingi, na wanyama wakubwa mwishoni. Mamba wa kimo cha kati, ambaye wavuvi humwona mara kwa mara akirarua nyavu, kwa sehemu kubwa ni mla samaki. Hatari kwa mtu mzima huanza kuhesabiwa mamba anapofikia mita 2.5 au 3, na kwa mtoto huanza mapema zaidi ya hapo. Kwa sababu hiyo habari kwamba "mamba ameonekana" haitoshi. Ukubwa wake ni sehemu ya habari.

Mamba wakubwa wa kiume hugawana mto. Dume mwenye nguvu hushika kipande chake na kuwafukuza madume wadogo, nao hutafuta pa kwenda: kwenye mabwawa ya pembeni, kwenye vijito, kwenye maziwa kama Utunge na Zumbi. Mafuriko huwarahisishia safari. Mwaka 2024 maji yalipofunika mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti, mto na shamba vilikuwa kitu kimoja, na mamba hana mpaka anaoutambua isipokuwa maji. Maji yanapopwa, dimbwi lililobaki katikati ya shamba la mlau huonekana ni la mvua tu. Dimbwi la namna hiyo lisiingiwe na mtu kabla halijachunguzwa kwa siku kadhaa, asubuhi na usiku. Usiku tochi husaidia: jicho la mamba likimulikwa hurudisha mwanga mwekundu kama kaa la moto, kwa maana nyuma ya mboni yake kuna tabaka linalorudisha nuru.

Kiangazi kina hatari yake nyingine, nayo haitokani na njaa. Huu ndio wakati wa mamba jike kutaga. Huchagua mchanga ulioinuka juu ya maji, hufukua shimo kwa miguu ya nyuma, hutaga mayai ambayo mara nyingi ni kati ya 25 na 80, kisha hufukia. Hayaatamii kama kuku. Joto la mchanga ndilo hufanya kazi hiyo kwa muda wa miezi mitatu hivi. Joto hilo ndilo pia huamua jinsia. Mchanga ukiwa na nyuzijoto kati ya 32 na 34 hivi, wengi wa watoto huwa madume. Ukipungua hapo huwa majike. Ukizidi sana, majike tena. Hakuna jambo katika damu ya wazazi linaloamua, kama ilivyo kwa binadamu. Mwaka wa jua kali au wa mawingu mengi huweza kuamua mto utakuwa na madume wangapi baada ya miaka 15.

Kwa kipindi chote hicho mama hukaa karibu na hali chakula cha maana. Kenge ndiye adui mkuu wa mayai, na mama akiondoka kidogo tu kwenda kujipoza majini, kenge hufukua. Watoto wanapokuwa tayari huanza kulia wakiwa ndani ya mayai. Mama husikia, hufukua mchanga, na yai lililokawia kupasuka hulibonyeza taratibu kati ya ulimi na kaakaa hadi mtoto atoke. Kisha huwachukua watoto kinywani na kuwapeleka majini. Watu wa zamani walioona jambo hili walidhani anawala. Kinywa kile kile kinachovunja mfupa wa paja la nyati hubeba kiumbe chenye uzito usiofikia robo kilo bila kumkwaruza. Hata hivyo ulinzi huo haufiki mbali. Samaki wakubwa, ndege, kenge na mamba wenzao huwamaliza watoto wengi kabla ya kutimiza mwaka, na pengine mmoja tu kati ya mia hufikia utu uzima.

Kwa mkulima wa mlau, habari hii ina maana ya moja kwa moja. Njia nyingi za mkato kwenda mashambani hupita juu ya mchanga huo huo. Mchanga uliofukuliwa upya, alama ya mkia iliyokokotwa kutoka majini, kenge wanaozungukazunguka mahali pamoja kila siku: hizo ni dalili za kiota, na njia inafaa ihamishwe hadi mvua zitakaponyesha na watoto kuondoka. Mama mwenye kiota hatafuti nyama. Anamfukuza yeyote aliyesogea, awe kenge au mtu, na huweza kutoka majini mbali zaidi ya mamba anayewinda.

Sasa kuna jambo zito ambalo haifai kulipita kwa kuona haya. Mara nyingi mtu akichukuliwa na mamba, kabla machozi hayajakauka huanza minong'ono kwamba yule hakuwa mamba wa Mungu bali mamba wa kutumwa. Hutajwa jina la mtu, na aghalabu jina hilo ni la bibi kizee anayeishi peke yake, au jirani aliyegombania mpaka wa shamba na marehemu. Hoja inayotolewa husikika kuwa na nguvu: walikuwa wanawake sita pale mtoni, mbona achukuliwe huyu peke yake? Mbona mamba alimpita aliyekuwa karibu?

Maumbile ya mamba yanalo jibu. Mamba hachagui aliye karibu na macho ya watu. Humchagua aliye mahali ambapo kina cha maji kinamruhusu kufika bila kuonekana. Katika wanawake sita, mmoja amesimama penye shimo la maji na watano wapo penye mchanga wa juujuu. Mmoja ameinama akitazama ndoo, watano wamesimama wakizungumza. Mmoja amezoea kuja peke yake alfajiri na mamba ameshauzoea wakati wake. Wanaobaki hai hawakuyaona hayo kwa kuwa hayaonekani kutoka juu. Na iwapo mamba yule yule atarudi mahali pale baada ya wiki mbili, kama ambavyo mamba aliyefanikiwa hupenda kurudi, wa pili naye atasemwa kuwa ametumiwa. Madhara ya minong'ono hii ni mawili. Mtu asiye na hatia huishi kwa hofu, na wapo wazee katika nchi hii waliouawa kwa tuhuma za uchawi. Madhara ya pili hayatajwi sana: wakati kijiji kinamtafuta mchawi, hakuna anayekwenda kufunga mahali pale pa kuchotea maji.

Wapo wanaouliza kwa nini mamba wote wasiuawe. Ni swali la haki kutoka kwa aliyefiwa. Kwa kweli lilikwisha kujaribiwa, ingawa si kwa ajili ya usalama wa mtu. Katikati ya karne iliyopita biashara ya ngozi iliwamaliza mamba katika mito na maziwa mengi ya Afrika, hadi mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ulioanza kutumika mwaka 1975, ulipoiwekea mipaka. Wazee wanaokumbuka utoto wenye mamba wachache mtoni huenda hawakosei. Leo Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda bila kibali, na mamba aliyethibitika kuwa mshambuliaji hushughulikiwa na maofisa wanyamapori. Sheria haimnyimi mtu haki ya kuitetea roho yake au ya mwenzake papo hapo. Inamtaka tu atoe taarifa baada ya hapo.

Kumhamisha nako si tiba kamili. Kaskazini mwa Australia watafiti waliwahi kumchukua dume wa mamba wa maji chumvi mwenye urefu wa mita 4.5 kwa helikopta, wakamvusha rasi nzima ya Cape York na kumwacha pwani ya upande wa pili, akiwa na kifaa cha kufuatilia nyendo zake kwa setilaiti. Alizurura huko kama miezi mitatu, kisha akaizunguka rasi kwa maji, zaidi ya kilomita 400, na kufika kwao kwa muda wa siku 20 hivi. Kumwondoa mamba mmoja, kwa kumuua au kumhamisha, huleta nafuu. Lakini kama mahali pa kuchotea maji pamebaki vile vile, dume mwingine atakikuta kipande cha mto kikiwa kitupu na watu wakiwa na saa zao zile zile.

Kinachofaa zaidi, kwa hiyo, ni kubadili upande wa watu. Pampu ya kisima inayofanya kazi huokoa maisha zaidi ya bunduki yoyote. Jambo hili linastahili kusemwa waziwazi kwa kuwa michango ya maji hulipwa kwa kusuasua katika maeneo mengi. Chombo cha watumia maji kinachokusanya fedha za matengenezo na kununua spea kwa wakati kinafanya kazi ya kuzuia mamba, ingawa hakijiiti hivyo. Kijiji kinachoiacha pampu ikae mbovu miezi mitatu kimeamua, bila mkutano wala kura, kuwarejesha akina mama na watoto wa kike mtoni. Hitilafu iripotiwe kwa chombo hicho mara moja, na ikishindikana kwa Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA.

Pale ambapo mto hauepukiki, vizimba husaidia. Katika baadhi ya fukwe za Ziwa Victoria, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA, imejenga vizimba vya nguzo na wavu wa chuma vinavyoingia majini, watu wakachota maji wakiwa ndani. Hata uzio wa miti imara iliyopigiliwa kwa kubanana hufaa, kwa sharti moja: ukaguliwe kila wiki, hasa baada ya maji kupanda na kushuka. Uzio wenye pengo ni mbaya kuliko kutokuwa na uzio, maana humfanya mtu aache kutazama.

Pasipo kizimba, ndoo ifungwe kwenye mti mrefu au kamba, mchotaji asimame mbali na maji kwa kadiri awezavyo, na mwenzake asimame juu akitazama mto badala ya kutazama simu. Mahali pa kuchotea na saa ya kwenda vibadilishwe, visiwe na mpango unaoeleweka. Pawe penye maji machache na mwanga, si penye ukingo wa ghafla na kivuli. Samaki wasipasuliwe hapo. Matumbo ya samaki, damu ya machinjo na mizoga ya kuku vikitupwa mahali watu wanapochota, mamba hualikwa kwa jina. Diko la wavuvi na mahali pa maji ya nyumbani viwe mbalimbali. Mvuvi anayesimama ndani ya maji hadi kiunoni kutandaza wavu yumo hatarini kuliko aliye ndani ya mtumbwi, na aliye ndani ya mtumbwi mdogo asining'inize mkono wala mguu nje.

Ikitokea mtu amekamatwa, ushauri wa wataalamu ni apigane. Macho ndiyo mahali pa kupiga kwa kidole, fimbo au chochote. Mkono ulioingia ndani kabisa ya kinywa ukikifikia kile kizibo cha koo, maji huweza kumwingia mamba naye akaachia. Walio ukingoni wapige kelele, wapige maji kwa makasia, wamvute mwenzao, lakini wasijirushe majini. Aliyeokoka apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo hata kama jeraha ni dogo. Kinywa cha mamba kina vijidudu vingi, na jeraha linaloonekana la kawaida leo huweza kuoza baada ya siku mbili. Damu izuiwe kwa kukandamiza kitambaa safi, jeraha lioshwe kwa maji mengi safi na sabuni, na mgonjwa apate dawa pamoja na chanjo ya pepopunda.

Taarifa ya tukio ianzie kwa ofisa mtendaji wa kijiji, ifike kwa mtendaji wa kata na ofisa wanyamapori wa wilaya bila kuchelewa. Majeruhi achukue fomu ya polisi ya PF3 na kutunza karatasi za hospitali. Familia ya aliyefariki itoe taarifa hata pale ambapo mwili haukupatikana, pamoja na majina ya walioshuhudia. Kanuni za mwaka 2011 zimeweka utaratibu wa kifuta machozi kwa waliodhuriwa na wanyama wakali, mamba akiwa miongoni mwao. Hicho si fidia, na hakuna anayedai kwamba kinalingana na uhai. Lakini familia nyingi hukikosa kwa sababu tu taarifa ilichelewa au haikuandikwa.

Taarifa njema haiishii kwenye jina la aliyedhurika. Hutaja saa, mahali hasa, kina cha maji, kama maji yalikuwa yakipanda au kupwa, mtu alikuwa akifanya nini, na mamba alikuwa na ukubwa gani kwa makadirio. Hata mamba aliyeonekana tu bila kumdhuru mtu aandikwe. Ofisa wanyamapori mwenye kizimba kimoja cha kujenga na vijiji sita vinavyokihitaji hutazama daftari hilo kwanza.